Dungu la Verlin

Septemba 1, 1997. Jumatatu.

Mvua kutwa. Dari la jikoni linavuja pale pale juu ya meza. Nimekinga sufuria.

Nimenunua daftari jipya. La mwaka jana liko kwenye droo ya vitambaa, na litakaa humo humo. Niliacha kuliandika Novemba 23, asubuhi ya kufunguliwa msimu wa kulungu, mume wangu Verlin alipokuwa anapanda kwenye dungu lake la kuwindia juu ya mwaloni. Kidato, kibao cha kupandia kilichofungwa mtini, kilichomoka chini ya mguu wake. Futi kumi na nne. Daktari alisema hakusikia maumivu. Sijui daktari alimuuliza nani.

Leo naandika tena kwa sababu nina hasira. Mdogo wake Verlin, Duane, amepita mchana. Akasimama mlangoni anadondosha maji, kofia mkononi.

"Shemeji, nataka nikaling'oe lile dungu kabla ya msimu."

"Dungu la nani?"

"La Verlin."

"La Verlin ni langu, Duane."

"Limechakaa. Litamuua mtu."

"Limeshaua."

Akaangalia sufuria, akaangalia dari, kisha akaondoka bila kunywa kahawa. Najua anachokitaka. Huku kwetu mwenye dungu akifa, linaachwa mpaka msimu unaofuata. Asubuhi ya kufungua, wa kwanza kulikalia ndiye mwenyewe, na hakuna wa kumuuliza. Mwaloni ule uko kwenye kona ya kinamasi, njia tatu za kulungu zinakutana chini yake. Duane ameutamani tangu wakiwa wavulana.

Septemba 3

Mvua.

Septemba 7

Nimekwenda kwenye mwaloni baada ya ibada. Jukwaa lipo, limeinama kidogo. Vidato havipo, isipokuwa viwili vya juu kabisa ambavyo mtu hawezi kuvifikia bila ngazi. Vya chini vyote vimeng'olewa.

Namjua aliyeving'oa. Siku ya pili baada ya Verlin kuanguka, nyumba imejaa watu na vyakula vyao, nilimwona Duane kwa dirisha akitoka msituni na kopo la kahawa. Lilikuwa linalia kama njuga. Nilimuuliza lina nini, akasema, "Takataka tu, shemeji," akaliweka kwenye pikapu yake. Sijalisahau lile kopo hata siku moja.

Verlin alipojenga dungu lile mwaka wa themanini na tatu, jukwaa lilikuwa kazi yake na vidato kazi ya Duane. Kila baada ya miaka michache mti ukinenepa unavisukuma nje, na Duane anavibadilisha. Duane ni fundi seremala. Kazi yake ni kupandisha watu juu wakashuka wazima.

Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu wetu anavaa hata jina letu.

Septemba 13

Nimeamua. Nabomoa la zamani na kujenga langu kwenye mti ule ule, na Novemba 22 nitakuwa nimelikalia kabla jogoo hajafungua jicho.

Nimekwenda dukani kwa Orville. Kwa Orville unapata vifaa vya ujenzi, kibali cha kuwinda, kahawa ya bure na umbea, kwa mpangilio huo. Ukutani nyuma ya kaunta kuna yale mapindo ya mashati. Aliyemfyatulia kulungu akamkosa, risasi ikaenda zake, wenzake wanamkata pindo la shati kwa kisu, linapigiliwa pale, jina na tarehe. Duane ana saba. Verlin matatu. Mimi nimewinda misimu kumi na tisa na sina hata moja.

"Nataka mbao za mbili kwa nne, na bolti ndefu za kuingia mtini," nikamwambia.

"Nani anakujengea?"

"Unaniona nina mikono mingapi?"

Wazee wa kwenye birika la kahawa wakacheka. Orville hakucheka. Akanichorea kwenye karatasi ya kufungia misumari. "Usiukabe mti kwa mbao, acha nafasi ya kunenepa. Na usifunge jukwaa kwenye miti miwili, Arlys. Upepo ukija kila mmoja unayumba kivyake, inakupasua katikati."

"Mti ni mmoja."

"Basi umeshawazidi akili nusu ya hawa."

Septemba 20

Nimekata mbao kwenye banda. Kidole gumba kimevimba.

Septemba 21

Kimevimba zaidi.

Septemba 27

Fremu imesimama bandani, nimeijaribu kwa kuirukia. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa anarukaruka juu ya mbao, mbwa anamshangaa. Kiti ni kile cha jikoni cha Verlin, nimekikata miguu. Kapeti la zamani la sebuleni nitalitandika juu ya jukwaa, buti zisilie. Mimi situpi kitu. Verlin alikuwa anasema siku ya kiyama malaika watanikuta natafuta kifuniko cha boksi.

Duane amepita tena na pikapu, polepole, hakusimama.

Oktoba 4

Leo nimepanda. Nilibeba ngazi ya aluminiamu kwa mkokoteni, nikaifunga kwa mkanda, nikajifunga na mimi mwenyewe, nikapanda mpaka kwenye vile vidato viwili vya juu. Niliogopa kutazama chini kwa sababu chini najua palivyo.

Nilichomeka mtaimbo nyuma ya kidato cha kwanza, nikasukuma kidogo tu. Kikatoka chote na mlio mkavu, tak, tak. Skrubu hazikuchomoka. Zilikatika. Vichwa vimebaki kwenye ubao, vimiguu vimebaki ndani ya mti. Nyeusi, nyembamba, hazizidi unene wa sindano ya kushonea magunia.

Nimekaa pale juu nimeushika ule ubao, nikalia kwa sauti. Mwaka mzima nimekuwa naambiwa ni ajali, ni mapenzi ya Mungu, mti ulinenepa. Mti gani? Hii ni kazi ya mkono wa mtu.

Oktoba 6

Nimeiweka skrubu moja mezani kwa Orville. Akavaa miwani.

"Hii ni ya jipsamu."

"Maana yake?"

"Maana yake inashika bodi ya dari. Haibebi mtu. Ukiisukuma kwa pembeni inakatika kama biskuti, na baridi ikiingia ndiyo kabisa." Akanitazama. "Umeitoa wapi?"

"Mtini kwa Verlin."

Kahawa ilikoma kumiminwa. Mzee mmoja akasema taratibu, "Lakini vidato vya pale si huwa ni vya Duane?"

Nikaichukua skrubu yangu na kuondoka.

Oktoba 7

Mvua. Sufuria imejaa mara mbili.

Oktoba 11

Duane amekuja. Safari hii aliingia ndani.

"Nasikia umepanda."

"Umesikia vizuri."

"Na umetoa vile viwili."

"Ulikuwa umevisahau, eti? Ulipokuwa unakusanya takataka."

Uso ulimbadilika. Nilifurahi kuuona ukibadilika, na naandika hapa kwamba nilifurahi. Akasema, "Shemeji, nakuomba kitu kimoja tu katika maisha yangu. Uachane na habari ya zile skrubu. Jenga dungu lako, nitakusaidia hata kupandisha mbao. Lakini zile skrubu ziache."

"Zinakuuma?"

"Zinaniuma."

"Afadhali," nikamwambia, nikamfungulia mlango.

Oktoba 18

Mlo wa samaki wa magadi kanisani, wale wakavu wanaolowekwa kwenye magadi mpaka walainike, kama kila Oktoba. Watu mia na zaidi, siagi inaelea kila mahali, harufu mpaka kwenye makoti. Nilikuwa nimejiapiza nitanyamaza. Halafu Duane akasimama kwenye foleni ya viazi, anacheka na mchungaji, akishika sahani kwa mikono ile ile.

Nikatoka mezani na ile skrubu kwenye leso. Nikaiweka juu ya sahani yake.

"Waambie hii ni nini."

"Arlys, si hapa."

"Hapa hapa. Waambie fundi gani anampandisha kaka yake futi kumi na nne kwa skrubu za dari. Waambie ulikwenda kuzizoa kabla hatujamzika."

Ukumbi mzima ukageuka kututazama, hata watoto. Duane aliitazama ile skrubu. Nilitegemea akane. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana kwake, nina maneno ya kutosha mwezi mzima. Akainua macho, akanitazama kama mtu anayepima ubao kabla ya kuukata.

"Sawa," akasema. "Ni mimi. Vidato ni vyangu."

Akaweka sahani chini, akavaa koti, akatoka.

Nimeshinda. Nimerudi nyumbani nimekula mkate na jamu nimesimama.

Oktoba 19

Jua. Nimepandisha fremu kwa kapi. Imekaa vizuri.

Oktoba 26

Benchi la Duane kanisani lilikuwa tupu.

Oktoba 28

Orville anasema wale wa jijini wenye kibanda ziwani wamemwambia Duane asiendelee na baraza yao. Na mwingine aliyekuwa anajengewa ghala naye amesitisha. "Nani atapanda ngazi ya Duane sasa?" akasema, kama vile ni kosa la hali ya hewa. Nilinunua washa za bolti na kuondoka.

Novemba 2

Nilitarajia nitalala vizuri zaidi.

Novemba 8

Dungu limekwisha. Ngazi yake ni ya kusimama yenyewe, imefungwa mtini kwa mnyororo ulioachiwa nafasi. Bolti ni nene kama kidole. Nimepiga pima maji, kiputo kimekaa katikati. Hata Verlin asingepata la kusema, na alikuwa mtu wa kusema.

Njiani nilimkuta Duane anatoka kwenye sanduku lake la barua. Amekonda. Akainua mkono nusu, akaushusha. Mimi niliushika usukani kwa nguvu na kutazama mbele.

Novemba 14

Theluji ya kwanza. Futi moja.

Novemba 18. Jumanne.

Naandika polepole ili nisikosee.

Usiku wa jana joto lilipanda, theluji ikayeyuka, mvua ikanyesha juu yake. Asubuhi nilikuwa nimeketi mezani na kahawa, nikasikia mlio juu yangu: tak. Kisha mwingine. Nikaruka pembeni, na bodi nzima ya dari ikashuka juu ya meza na maji yake na vumbi lake jeupe. Kikombe kikavunjika.

Nilianza kuokota. Skrubu zilikuwa zimetapakaa sakafuni, nyingine zimekatika, nyingine nzima. Nyeusi. Nyembamba. Nilikuwa nimepiga magoti, nazikusanya kwenye kiganja kama ninavyokusanya kila kitu, nisipoteze hata moja. Hapo mkono ukasimama wenyewe.

Dari lile alilipiga Verlin, kiangazi cha mwaka jana. Nilimpigia kelele miezi mitatu alimalize.

Nimekwenda kwenye droo ya vitambaa. Nimelitoa daftari la mwaka jana. Nanakili hapa maneno kama yalivyo, kwa mwandiko wangu mwenyewe:

"Oktoba 12, 1996. V. anabadilisha vidato vya dungu mwenyewe, Duane bega lake limepasuliwa. Alitaka kwenda mjini kununua skrubu nene. Nimempa boksi lililobaki la dari, nusu nzima iko humo. Kasema hizi si zake. Nimemwambia skrubu ni skrubu, acha kutupa hela. Kachukua. Nimeoka pai ya tufaha."

Hivyo tu. Mistari minne na pai.

Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau, na sijui naapa kwa nani.

Novemba 19

Nimekwenda kwa Duane. Alikuwa karakanani, hana kazi, ananoa patasi ambazo tayari zina makali. Nikamwekea skrubu nzima ya dari juu ya meza yake. Akazima mashine.

"Ulijua," nikasema.

"Nilikuwepo. Mkono mmoja umefungwa kifuani, nashikilia ngazi kwa mwingine. Nikamwambia, kaka, hizo si skrubu za kubeba mtu. Akasema, 'Arlys ameshasema skrubu ni skrubu. Nikirudi na boksi jipya leo nalala na mbwa.' Tukacheka wote wawili. Akasema ataziimarisha mwakani." Akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Ningeweza kumzuia. Ile ilikuwa kazi yangu, vile vidato. Kwa hiyo sikusema uongo mzima pale kanisani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie lini? Kabla ya mazishi? Baada?"

"Nilipokusimamisha mbele ya watu!"

"Shemeji." Alisema kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko kama angenipiga. "Mimi nikichukiwa naweza kukaa nyumbani. Wewe unakula chini ya lile dari kila siku."

Nikamuuliza kopo liko wapi. Lilikuwa kwenye rafu, nyuma ya makopo ya rangi. Hakulitupa kwa sababu aliogopa nitalikuta jalalani. Mwaka mzima amekuwa ananificha kosa langu mwenyewe, na mimi nimekuwa namfukuza kama mnyama.

Nilitaka kumwomba radhi. Mdomo ulifunguka, nikasema, "Bodi moja imeanguka." Akasema atakuja kuitazama. Nikasema asije. Nimeendesha gari mpaka nyumbani nikijitukana kwa sauti.

Novemba 22. Kufunguliwa msimu.

Nilipanda dungu kabla ya mapambazuko, nikavuta bunduki kwa kamba, nikaipakia. Nilivaa shati la Verlin la rangi ya chungwa. Ngazi haikulia hata mara moja. Karibu saa mbili alikuja dume mwenye pembe za ncha kumi, akasimama chini yangu, anatafuna mbegu za mwaloni, mvuke unamtoka puani. Nilimtazama mpaka akaondoka.

Basi. Limekuwa langu. Nimekuwa wa kwanza kulikalia, na hakuna wa kuniuliza.

Novemba 23

Mwaka mmoja. Nimekwenda kaburini, sikukaa. Sijamwambia mtu.

Novemba 24

Sijasema.

Novemba 25

Nilifika mpaka mlangoni kwa Orville. Nikanunua chumvi.

Novemba 26

Leo nimesema. Wazee watano na Orville, wote wamezunguka birika. Nikawaambia: skrubu zilikuwa zangu, Verlin alipiga vidato mwenyewe, Duane hakugusa kitu. Nilisema kwa sauti ya kusikika.

Walinitazama kwa huruma. Mmoja akanipigapiga begani. "Una moyo, Arlys. Kumsitiri shemeji namna hiyo, na yote aliyokufanyia."

"Simsitiri! Nawaambia ukweli!"

"Amekiri mwenyewe, mama," Orville akasema. "Tulikuwepo wote. Kunywa kahawa."

Uongo wangu niliusema mara moja tu, ukasimama kama nguzo. Ukweli nausema, wananipa kahawa. Nimerudi nyumbani nimetupa kikombe ukutani. Sasa vimebaki vinne.

Novemba 27. Sikukuu ya kushukuru.

Bata mzinga mdogo. Nimempelekea Duane nusu kwenye karatasi ya aluminiamu, nimeiacha barazani, nikabonyeza kengele na kukimbia kama mtoto mtukutu.

Novemba 29

Theluji tena. Nimefikiri kutwa.

Novemba 30. Jumapili. Msimu unafungwa leo.

Baada ya ibada duka la Orville linajaa, kila mtu analeta alichopata na uongo wake. Nimeingia nimevaa shati la Verlin. Sikusalimia. Nimekwenda nyuma ya kaunta, mahali ambapo mteja haruhusiwi, Orville akafungua mdomo na kuufunga. Nikatoa kisu cha Verlin, nikalivuta shati nyuma, nikalikata pindo lake mimi mwenyewe. Kitambaa kilikuwa kigumu, ilichukua muda, na hakuna aliyesaidia.

Nimelibandika ukutani, kati ya mapindo matatu ya Verlin na saba ya Duane, kwa skrubu nyeusi ya dari. Nimeikaza kwa bisibisi niliyotoka nayo nyumbani. Jina: Arlys Tollefson. Tarehe: Oktoba 12, 1996. Chini yake nimetundika ule ukurasa wa daftari, nimeuchana wenyewe, na pai yake na kila kitu.

"Oktoba?" mmoja akasema. "Oktoba hakuna msimu wa bunduki."

Orville alivaa miwani, akasoma. Akasoma tena. Kisha akaigusa ile skrubu kwa ncha ya kidole, akavua miwani, na hakuniambia nina moyo.

"Someni wote," nikasema. "Aliyekosa kusoma nitamsomea."

Wakaja mmoja mmoja. Hakuna aliyenipigapiga bega. Yule wa siku ile alisoma, akatazama buti zake, akasogea mbali nami kidogo, kama walivyokuwa wanasogea mbali na Duane. Nilikuwa nimelitaka hilo, na lilipokuja lilinikata kweli kweli.

Nilipofungua mlango kutoka, pikapu ya Duane ilikuwa nje, injini inaunguruma. Alikuwa amekuja kununua kitu, sijui nini, na hakuwa amekanyaga humo tangu ule mlo wa kanisani. Aliniona, akaona shati lililokatwa nyuma, akabaki ameshika usukani.

Sikumwita. Nilisimama nimeushika mlango wazi, theluji inaingia mpaka kwenye mapipa ya misumari, na nyuma yangu Orville anapiga kelele, "Arlys, funga mlango, unatugandisha!" Sikuufunga.